Gari mpya inayovuta remoki: amotisere za kiwanda zibaki, ao zibadilishwe?

Kwenye bonde la Ruzizi, mtu akifaulu kununua pikapu mpya, haimalizi wiki mbili bila kusikia kwamba inafaa abadilishe amotisere. Fundi wa garaji anamwambia, mwenye duka ya vipuri anamwambia, shofere mwenzake pia. Wote wanasema lile lile: amotisere za kiwanda ni laini, zilitengenezwa ju ya lami ya Ulaya, ukifunga remoki nyuma zitakufa kwa mwezi mmoja. Katika maneno hayo kuna ukweli kidogo, na kuna makosa mengi yanayokula pesa za watu. Tena kuna hatari. Mwenye gari anatoa dola zake kutibu kitu ambacho si ugonjwa, kiisha anashuka Ngomo na remoki isiyo na freni, akiamini kwamba gari yake sasa imepata nguvu.

Njia inayozungumzwa hapa ni ile ya wakaaji wa Lubarika, katika groupement ya Itara-Luvungi, usultani wa Bafuliiru, pamoja na majirani wao wa Kamanyola, Luvungi, Bwegera, Luberizi na Sange. Ni barabara ya taifa namba 5 inayounganisha Bukavu na Uvira, kilometa zaidi ya 120, na zile njia za udongo zinazopanda milimani upande wa Lemera. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Tofauti hiyo yote gari inaishuka na kuipanda, na sehemu kubwa ni kwenye makona ya Ngomo. Chini, bonde ni tambarare lakini lina joto, vumbi, mashimo, na fasi zenye mikunjo mikunjo kama manjanja. Mteremko, joto na mikunjo: mambo hayo matatu njo yanaamua jibu, kuliko jina lililoandikwa kwenye karatoni ya amotisere.

Amotisere haibebi mzigo

Amotisere, ambayo ng'ambo ya ziwa kule Tanzania wanaiita shokapu, ni bomba la chuma lenye mafuta ndani. Ndani yake pistoni inapanda na kushuka, na mafuta yanalazimishwa kupita kwenye matundu madogo yenye valvu. Kwa kupita kwa shida hivyo, mwendo wa gari unageuka kuwa joto. Kazi yake ni hiyo tu: kutuliza. Gari ikiingia shimoni, springi inajikunja, kiisha inataka kuirusha gari juu, halafu chini, halafu juu tena. Amotisere inakamata mchezo huo na kuumaliza haraka.

Anayebeba mzigo ni springi. Kwenye pikapu nyingi za hapa, nyuma kuna malame, vile vyuma bapa vilivyopangwa moja juu ya nyingine. Toyota Land Cruiser ya kizazi cha 70, ile ambayo mashirika na wachuuzi wanaipenda, ina malame nyuma, na mbele tangu 1999 ina springi za kuzunguka. Kwa hiyo kama remoki inafungwa na makalio ya gari yanashuka sentimeta tano, amotisere mpya haitayainua. Zile zenye gazi zinasukuma kidogo sana, si kitu mbele ya mzigo wa kweli. Mtu anayeuza amotisere kwa kusema «itainua gari nyuma» hajui kazi yake, ao anaijua vizuri sana.

Kuna jambo lingine linalochanganya watu. Malame yenyewe yanasuguana, na msuguano huo unatuliza gari kidogo. Njo maana si ajabu kuona kamio ya zamani iliyojaa mihogo ikitembea bila amotisere hata moja nyuma, na shofere anasema hakuna shida. Ikiwa imejaa na inatembea pole pole, kweli haisikiki sana. Shida inaonekana siku anapopiga freni kwenye mikunjo: magurudumu yanaruka-ruka, na gurudumu ambalo liko hewani halisimamishi gari. Kwa pikapu mpya zenye freni za ABS ni mbaya zaidi, sababu mtambo unahisi gurudumu limefungwa, unaachia freni, na gari inaenda mbele mita nyingine ambazo shofere hakuzihesabu.

Remoki inafanya nini kwa gari

Wengi wanafikiri remoki ina magurudumu yake, basi gari inavuta tu, haibebi. Si kweli. Remoki iliyopakiwa vizuri inaegemea kwenye boli ya kuvutia, lile donge la chuma nyuma ya gari, kwa karibu kilo 10 kwa kila kilo 100 za uzito wake. Chukua remoki ya kilo 1,500: boli inapokea karibu kilo 150. Lakini boli haiko juu ya ekseli ya nyuma, iko nyuma yake. Kama iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 3.2, hesabu ya mizani inasema ekseli ya nyuma inapokea karibu kilo 206, na magurudumu ya mbele yanapunguziwa karibu kilo 56. Ni kama mtoto anayekaa mwisho wa ubao wa kuchezea.

Hizo kilo 56 zilizotoka mbele ni jambo kubwa. Volanti inakuwa nyepesi, taa zinamulika juu machoni pa wanaokuja, na freni za mbele, zile zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, zinakuwa na uzito mdogo wa kukamata udongo. Dawa ya hapo ni kupanga mzigo upya, na kama bado haitoshi, springi. Amotisere haimo.

Amotisere inaingia kwenye hesabu kwa njia ingine. Nguvu yake ya kutuliza imepimwa kiwandani kwa uzito fulani na springi fulani. Uzito juu ya ekseli ukiongezeka mara mbili, amotisere ile ile inabaki na karibu 70 kwa 100 ya uwezo wake wa kutuliza. Inafanya bado kazi, lakini gari inacheza mara moja ao mbili zaidi kabla ya kutulia. Sasa kama mwenye gari anapeleka malame kwa fundi na kuongezewa mengine mpaka springi iwe ngumu mara mbili, na tena anapakia mara mbili, uwezo unashuka mpaka nusu. Na malame magumu yanarusha gari juu kwa nguvu zaidi kila mara yanapojifungua. Kwenye amotisere yoyote upande wa kujifungua njo ulio mgumu zaidi, mara nyingi mara mbili ao tatu kuliko upande wa kujikunja, na njo unaochoka kwanza springi ikikazwa.

Kutoka hapo kanuni moja inaonekana. Kama springi ni za kiwanda na mzigo hauzidi ule uliokubaliwa, amotisere za kiwanda zinatosha zikiwa bado nzima. Kama springi zimebadilishwa, amotisere inafaa zibadilishwe pamoja nazo, siku moja. Kufanya moja bila ingine ni kupoteza pesa upande wowote.

Kusoma kibandiko kabla ya kwenda dukani

Ndani ya mlango wa shofere, ao chini ya boneti, kila gari mpya ina kibandiko cha uzito. Kwenye gari nyingi kina mistari minne. Wa kwanza ni PTAC, uzito wa gari pamoja na kila kitu kilicho ndani na juu yake. Wa pili ni PTRA, uzito wa gari na remoki pamoja. Wa tatu na wa nne ni uzito ambao ekseli ya mbele na ya nyuma zinaweza kubeba. Hakuna amotisere duniani inayobadilisha namba hizo. Hakuna malame yanayozibadilisha pia: shasi, beringi za magurudumu na freni zinabaki zile zile.

Mfano wa hesabu. Gari tupu yenye mafuta ina kilo 2,050, na PTAC yake ni 3,100. Bakio ni kilo 1,050. Shofere na watu wawili ndani, kilo 210. Watu wanne wamekaa juu ya mzigo, kilo 260. Mifuko sita ya mpunga ya kilo 100, kilo 600. Jumla 1,070. Gari imeshapita kilo 20, na remoki bado haijafungwa. Remoki ikiegemea na kilo 150, inapita kilo 170. Mwenye gari kama huyo akilalamika kwamba gari inaruka-ruka, dawa ya kwanza haiuzwi dukani: watu wanne washuke.

Ni rahisi kuandika hivyo, ni vigumu kufanya. Siku ya soko, mtu anayetoka Lubarika kwenda Luvungi ao Uvira hana usafiri mwingine, na shofere anategemea pesa ya hao wanne kununua mafuta. Lakini basi hesabu ifanyike kwa upande wa mpunga: mifuko minne ibaki kwenye gari, miwili iende kwenye remoki.

Kuhusu kuvuta, soko kwa soko viwanda vinatoa namba tofauti kwa gari zinazofanana, kwa hiyo kitabu cha gari yenyewe njo kinachotawala. Ili kupata wazo: kule Australia, Land Cruiser ya 70 inaruhusiwa kuvuta kilo 3,500 kama remoki ina freni zake, na kilo 750 tu kama haina. Tofauti hiyo kati ya 3,500 na 750 inafaa kusomwa mara mbili. Gari ni ile ile, moteri ile ile, amotisere zile zile. Kilichobadilika ni freni za remoki tu.

Remoki za bonde zinatengenezwa namna gani

Remoki nyingi zinazoonekana kati ya Kamanyola na Uvira hazikutoka kiwandani. Mafundi wa kusudia wanazijenga kwa ekseli ya pikapu ya zamani, malame yake, na mbao ao vyuma juu. Zinabeba jenereta, kinu cha mpunga, tanki la maji, mbao, mtumbwi wa kupeleka ziwani. Ni kazi nzuri mara nyingi, yenye nguvu kuliko inavyoonekana. Lakini nyingi hazina freni, na karibu hakuna yenye amotisere.

Hapo njo kuna chanzo cha mchezo ambao shofere anausikia mgongoni. Remoki inaruka, inapiga boli juu na chini, na gari mbele inatikisika kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Shofere anashuka, anaangalia amotisere za gari yake mpya, anazilaumu. Lakini ukiweka amotisere mbili nzima kwenye remoki, hata zile zilizotolewa kwenye pikapu nyingine zikiwa bado zinafanya kazi, mchezo unapungua sana. Fundi anahitaji vipande vinne vya chuma vya kuzishikilia, boliti, na kaushu. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, hii ni dola inayofanya kazi kuliko seti mpya chini ya gari.

Mchezo mwingine ni ule wa remoki kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa samaki. Huo njo unaoua. Unaanza kwa mwendo wa kushuka, unaongezeka wenyewe, na shofere akipiga freni za gari kwa hofu unazidi. Amotisere, hata za bei gani, zinatuliza juu na chini, hazitulizi kushoto na kulia. Sababu kubwa ya kuyumba ni mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli ya remoki, unaoinua boli pahali pa kuiegemea. Kinu cha mpunga chenye moteri nzito upande mmoja kinafaa kigeuzwe ili moteri iwe mbele kidogo ya ekseli. Tanki la maji la lita 1,000 ni tani moja. Likijaa nusu, maji yanakimbia ndani kila kona na kusukuma remoki kwa wakati mbaya. Ama lijazwe, ama liende tupu. Kisha mipira ya magurudumu: ya nyuma kwenye gari na ya remoki ipimwe asubuhi ikiwa baridi, si saa nane mchana bondeni wakati pumzi imeshapanda kwa joto.

Mnyororo wa usalama kati ya gari na remoki ni kitu cha bei ndogo. Uvuke chini ya boli kama msalaba, ili kichwa cha remoki kikichomoka kiangukie juu ya minyororo, kisichimbe barabara. Kwenye RN5 nyumba zimepanga mistari kando ya njia, na watoto wanacheza pale pale. Watu wa Sange hawahitaji kuelezwa gari kubwa inaweza kufanya nini ikianguka kati ya nyumba: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, likawaka, na watu zaidi ya 230 walikufa.

Ngomo

Kwa anayepanda na kushuka kati ya Nyangezi na Kamanyola, swali la amotisere linakuja nyuma ya swali la freni. Kushuka na tani moja na nusu nyuma, gari inasukumwa, haivuti. Shofere anaingiza vitesi ndogo juu kabla ya mteremko kuanza, anaacha moteri ishike, na anapiga freni kwa vipindi vifupi vyenye nguvu, halafu anaachia zipoe. Anayekaa na mguu juu ya freni dakika kumi anachemsha mafuta ya freni, na kwenye kona ya mwisho pedali inaenda mpaka chini.

Amotisere nazo zinachemka, lakini mahali pake pa kuchemka ni bondeni, kwenye mikunjo. Pale pistoni inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, bila kupumzika, na bomba linaweza kupita digrii 100. Mafuta yakipata moto sana yanakuwa mepesi, na yakichanganyika na hewa yanatoa povu. Povu linapita kwenye matundu bila shida, na amotisere inakuwa kama haipo, mpaka ipoe. Shofere anayesema «asubuhi gari ilikuwa nzuri, mchana ikaanza kuelea» anaeleza jambo la kweli. Kwa huyo, ikiwa ni safari yake ya kila siku na remoki nyuma, kubadilisha kuna maana.

Aina gani, kama zinabadilishwa

Amotisere nyingi za kiwanda ni za bomba mbili, moja ndani ya ingine. Kampuni kama KYB ya Japani inazitengenezea Toyota kwa wingi. Si vitu vibaya hata kidogo. Jiwe likipiga bomba la nje na kulibonyeza, pistoni iliyo ndani ya bomba la pili inaendelea kutembea.

Aina ya pili ni ya bomba moja, yenye azoti iliyobanwa kwa nguvu nyuma ya pistoni ndogo inayoelea. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon aliibuni, na Bilstein ya Ujerumani ikaieneza kuanzia miaka ya 1950. Ile azoti inabana mafuta yasitoe povu, na kwa vile bomba ni moja tu, joto linatoka haraka. Kwenye mikunjo mirefu yenye joto inashinda. Lakini ina udhaifu ambao wauzaji hawausemi: jiwe likibonyeza bomba, pistoni inakwama hapo hapo, na amotisere imekufa. Kwenye njia ya kupanda Lemera, yenye mawe yanayorushwa na magurudumu ya mbele, huo ni udhaifu wa kweli. Anayezichagua aweke kinga ya bati ao ya mpira upande wa mbele wa bomba.

Katikati kuna bomba mbili nene zenye mafuta mengi, zilizotengenezwa kwa gari za kazi, kama zile za Old Man Emu kutoka Australia ao Koni ya Uholanzi. Kwa pikapu inayovuta remoki kati ya Lubarika na Uvira, na inayopanda milimani mara moja moja, aina hii ya katikati njo inafaa zaidi: inavumilia mawe, na inachelewa kuchemka. Rangi ya bomba na maandishi ya «heavy duty» visimdanganye mtu. Kinachotazamwa ni unene wa fimbo na wa bomba, urefu ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa, na kama muuzaji anajua ilipimwa kwa springi gani. Amotisere fupi mno kwenye gari iliyoinuliwa inafika mwisho wake kila shimo na kung'oa kichwa chake. Ndefu mno inagonga ndani na kupasuka.

Bidhaa za kuiga ziko nyingi masokoni. Amotisere ya bandia mara nyingi ni nyepesi mkononi kuliko ya kweli, maandishi yake yana makosa ya herufi, na fimbo ikisukumwa inarudi kwa kurukaruka, si kwa mwendo mmoja. Amotisere ya kiwanda iliyotembea kilometa 20,000 ni bora kuliko hiyo mpya.

Kujua kama za kiwanda zimechoka

Kubonyeza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu mara ngapi inacheza, hiyo inasaidia kwa taksi ndogo. Kwa pikapu yenye malame haisemi kitu, sababu malame yanajituliza yenyewe. Kipimo kizuri zaidi ni cha joto. Gari itembee kilometa kumi kwenye njia mbaya, isimame, halafu fundi akaribishe mkono pole pole kwa kila amotisere, bila kuishika kwa nguvu. Zote nne zinafaa ziwe na moto. Ile iliyo baridi haifanyi kazi. Wengi wanafikiri kinyume, wanatoa ile yenye moto na kuacha iliyokufa.

Kisha macho. Unyevu mwembamba wenye vumbi karibu na fimbo ni kawaida. Mafuta yanayotiririka mpaka chini ya bomba si kawaida. Mipira ya magurudumu iliyoliwa kwa mawimbi, fasi moja imeisha na fasi ya pili bado, inaonyesha gurudumu linaruka. Kaushu zilizopasuka zinapiga kelele ya «ko-ko» ambayo watu wanaisikia na kununua amotisere nzima, wakati kaushu peke yake ilitosha. Kuangalia hivyo kufanyike kila vidanje. Kwenye gari mpya isiyozidishiwa mzigo, miezi ya kwanza mara nyingi hakuna kitu cha kuona, na pesa inaweza kungoja.

Kuna pia garanti. Kitabu chake kisomwe kabla ya kufungua boliti hata moja. Muuzaji anaweza kukataa kulipia ekseli ao shasi iliyopasuka kama gari imeongezewa malame, ijapokuwa kosa halikutoka hapo, na muuzaji huyo mara nyingi yuko mbali na Uvira. Malame ya kuongeza njo yanaleta ugomvi zaidi. Amotisere za ukubwa ule ule wa kiwanda zinaleta ugomvi mdogo.

Siku ya kuzifunga

Zinabadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, si moja peke yake, hata kama ya pili inaonekana nzima. Ile ya bomba mbili ikikaa dukani imelala, hewa inaingia mahali pa mafuta. Kabla ya kuifunga isimamishwe wima kama itakavyokaa kwenye gari, isukumwe na kuvutwa mara tano ao sita mpaka iwe ngumu mwendo wote. Fundi asiyefanya hivyo anamrudishia mtu gari inayopiga kelele, na lawama inaenda kwa kiwanda.

Boliti zenye kaushu zisikazwe mwisho wakati gari iko juu ya jeki. Gari ishushwe, magurudumu yakanyage, ndipo zikazwe. Bila hivyo kaushu inakaa imepindwa na inapasuka baada ya wiki chache. Baada ya kilometa 500 zote zikazwe tena. Zile za kiwanda zilizotolewa, kama bado ni nzima, zisiuzwe kwa bei ya chuma chakavu: mbili ziende kwenye remoki, mbili zihifadhiwe nyumbani zimesimama wima.